Samli na mafuta ya nazi kwenye kahawa: kwa nini lehemu yangu imepanda?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 41, naishi Tanga, kazi yangu ni ya ofisini. Miezi mitano iliyopita rafiki aliniingiza kwenye kundi la WhatsApp la kupunguza uzito. Tukafundishwa kuacha chai na chapati za asubuhi, badala yake tunywe kahawa iliyopigwa kwenye blenda na kijiko kimoja cha samli na kimoja cha mafuta ya nazi, bila sukari. Miezi miwili ya kwanza nilipungua kilo 5. Nikafurahi, nikaongeza kikombe cha pili saa kumi jioni. Sasa uzito umesimama, na nimepima damu: LDL, ile lehemu (kolesteroli) mbaya, ilikuwa 3.1 mwaka jana, sasa ni 4.6. Kiongozi wa kundi anasema nisiogope, niendelee. Mama mkwe naye anasema samli haijawahi kumdhuru mtu, wao wamekuzwa nayo, na anataka nimtilie mwanangu wa mwaka mmoja na nusu kwenye uji. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikupongeze kwa kupima, tena kwa kuwa na kipimo cha zamani cha kulinganisha. Wengi wanaoniuliza kuhusu kahawa hii hawana namba yoyote mkononi, wana hisia tu: "najisikia mwepesi", "sisikii njaa". Hisia hizo ni za kweli, lakini mshipa wa damu hauna namna ya kukuambia unavyojisikia.

Nianze na unachotakiwa kufanya, maelezo yafuate. Kikombe cha jioni kiache leo. Cha asubuhi kibaki kahawa, samli na mafuta ya nazi vitoke, na urudishe chakula cha asubuhi, ila si kile ulichokuwa unakula mwanzo. Baada ya wiki nane hadi kumi na mbili pima tena. Kiongozi wa kundi usimsikilize kuhusu LDL. Mama mkwe ana hoja kuhusu mtoto, nitaifikia.

Tuanze na kijiko, maana hapo ndipo hesabu nyingi huharibikia. Kwenye chumba changu cha ushauri nina mizani ndogo ya jikoni. Mwaka jana alikuja baba mmoja mwenye kawaida kama yako, akaniapia kwamba anatia kijiko kimoja tu cha samli. Nikamwomba siku nyingine aje na kijiko chenyewe na kopo lake. Akaja nacho: kijiko cha bati cha kupakulia mchuzi. Alipochota mbele yangu, samli ilikuwa imeganda kwa ubaridi wa asubuhi, ikapanda juu ya kijiko kama kichuguu. Mizani ikasoma gramu 38. Kijiko cha chakula tunachokihesabu sisi kwenye vitabu hubeba gramu 13 au 14. Kwa hiyo "kijiko kimoja" cha yule baba kilikuwa karibu vitatu, na mwenyewe alishangaa kwa dhati kabisa. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kakitazame chako.

Tuchukulie chako ni cha kawaida. Kijiko kimoja cha samli ni kama kalori 120, na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi ni 120 nyingine. Kikombe kimoja basi kina kalori 240, na viwili kwa siku ni 480. Kahawa yenyewe ikiwa tupu haifiki hata kalori 5. Kwa hiyo unachokunywa ni chakula kilichopita kwenye kikombe, na mwili unakihesabu kama chakula hata kama sisi tunakiita kinywaji.

Lakini kalori si shida yako kubwa. Shida yako ni aina ya mafuta. Mafuta ya kula yamo ya namna mbalimbali, na yale tunayoyaita mafuta mgando, yanayoganda yenyewe kukiwa na baridi, ndiyo yanayopandisha LDL. Samli ni zaidi ya nusu mafuta mgando. Mafuta ya nazi yanaizidi kwa mbali: zaidi ya asilimia 80 ni mgando. Najua huku pwani unaweza kubisha, kwa sababu chupa yako mchana iko majimaji. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na Tanga mchana hatupati baridi ya chini ya hapo. Mpelekee ndugu yako wa Lushoto chupa hiyohiyo uone kama haitageuka nyeupe kama mshumaa.

Kwa kikombe kimoja chako unapata takriban gramu 20 za mafuta mgando, na kwa viwili gramu 40. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 22 kwa siku nzima. Kikombe cha asubuhi peke yake kinakaribia kuimaliza nafasi hiyo kabla hujafika ofisini. Halafu mchana unarudi kwenye wali wa nazi, jioni samaki wa kupaka. Sikukatazi chakula cha kwenu, nami nakipenda. Nasema tui la mchuzini lina mafuta yaleyale ya kwenye chupa, na kwa mtu wa Tanga nafasi ya mafuta ya nazi ilikuwa imeshajaa kabla kahawa haijaja.

Sasa LDL. Ini lina milango midogo ya kuipokea LDL kutoka kwenye damu na kuivunja. Mafuta mgando yakiwa mengi, milango hiyo hupungua, LDL inabaki inazunguka kwenye mishipa muda mrefu, na sehemu yake inapenya kwenye kuta za mishipa na kuanza kujijenga pale. Haiumi. Hutaisikia. Ndiyo maana anayekuambia usiogope hana njia ya kujua asemalo mpaka miaka ipite. Kwenye vipimo vya uniti unayotumia wewe (mmol/L), LDL ikivuka 4.1 tunaiita ya juu. Kutoka 3.1 hadi 4.6, bila dawa wala ugonjwa mwingine uliotajwa, na badiliko kubwa pekee likiwa hiki kikombe, mimi naanza na kikombe. Kama baada ya kukiacha namba haishuki, hapo daktari aangalie tezi ya shingo, sukari, na historia ya familia. Kama kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi akiwa bado kijana, usingoje hizo wiki nane, nenda sasa.

Kwenye makundi hayo huwa wanasema pia kwamba mafuta ya nazi ni ya aina fupi, yanakwenda moja kwa moja kwenye ini na kugeuzwa nguvu. Maneno haya yana ukweli uliohamishwa kutoka mahali pake. Yapo mafuta yanayotengenezwa kiwandani kwa kuchuja asidi mbili fupi tu za nazi, na hayo kweli humeng'enywa kwa njia ya haraka. Mafuta ya nazi ya chupa uliyonayo ni kitu kingine. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na sehemu kubwa ya hiyo mwili huipitisha njia ileile ya mafuta marefu. Mwaka 2017 Jumuiya ya Moyo ya Marekani ilipitia ushahidi uliokuwepo, ikasema wazi kwamba mafuta ya nazi hupandisha LDL na haikushauri yatumike. Yapake kwenye nywele upendavyo.

Utauliza, kama ndivyo, mbona nilipungua kilo 5? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye sahani uliyoiacha. Uliacha chapati, ambazo kwa kawaida ya nyumbani ni mbili za kukaangwa, na uliacha chai ya sukari. Kifungua kinywa hicho huvuka kalori 600 bila shida. Ukaweka kikombe cha 240 mahali pake. Ulipungua kwa sababu ya chapati zilizoondoka. Mafuta yalisaidia kwa jambo moja tu: hukawia tumboni, hivyo njaa inachelewa. Uchangamfu nao ni wa kafeini, ungeupata hata kwenye kahawa tupu. Kisha saa kumi ukaongeza kikombe ambacho hakikuchukua nafasi ya chakula chochote, na mwili wako uliopungua sasa unahitaji kalori chache kuliko mwanzo. Mizani ikasimama. Nadhani ukitazama tarehe utakuta vimekwenda pamoja.

Na kuhusu kuchoma mafuta ya mwili: mwili hauchagui mafuta ya kiunoni na kuyaacha ya kikombeni. Unachoma kwanza yaliyoingia. Kama kwenye kundi mnafunga kwa saa kadhaa, basi ujue kikombe chenye kalori 240 kimefungua mfungo huo, hata kama hakina sukari.

Niseme kidogo kuhusu kilikotoka kinywaji chenyewe, kwa sababu inasaidia kuelewa. Mmarekani Dave Asprey ndiye aliyekieneza, kwa jina la Bulletproof. Anasimulia kwamba mwaka 2004 alikuwa milimani Tibet, amechoka na baridi, akapewa chai yenye siagi ya yaki, akapata nguvu. Aliporudi kwao akabadilisha chai kwa kahawa, na tangu mwaka 2009 akaanza kuitangaza kwenye mtandao. Chai ile ya Watibeti ni ya kweli na ni ya karne nyingi: majani yaliyoshindiliwa kama matofali huchemshwa muda mrefu, hutiwa chumvi na siagi, kisha husukwasukwa kwenye mtungi mrefu wa mti mpaka mafuta na maji vichanganyike. Wanainywa pamoja na unga wa shayiri iliyokaangwa. Mji wa Lhasa uko zaidi ya mita 3600 juu ya bahari, na wafugaji wengi wanaishi juu zaidi ya hapo. Mtu anayeamka kwenye hema kwenye barafu, akatembea na mifugo kutwa, mahali ambapo mboga na matunda havioti kirahisi, siagi kwenye chai ni akili kubwa. Wewe unapanda bajaji, unakaa kwenye kiti saa nane, nje joto linatoa jasho. Kikombe kimoja, siku mbili zisizofanana hata kidogo.

Hata jirani zetu wanalo jambo la namna hiyo. Waoromo wa kusini mwa Ethiopia huchukua tunda zima la kahawa, likiwa na ganda lake, wakaling'ata ncha na kulikaanga kwenye siagi, wakaligawa kwa baraka. Nalipenda hili kwa sababu linakumbusha Wahaya wa Kagera na kahawa yao ya kutafuna, ingawa ya Wahaya huchemshwa na majani ya harufu kisha hukaushwa, haina siagi. Kwa Waoromo kahawa na siagi ni kitu cha heshima, cha kugawana kidogo kidogo penye watu. Hakuna anayeipiga blenda kila asubuhi ili apungue.

Mama mkwe anaposema samli haikuwadhuru wazee, namwelewa, na swali lake lilishawahi kufanyiwa kazi hapahapa kwetu. Miaka ya 1960 daktari Mmarekani George Mann alikuja kuwachunguza Wamasai, watu wa maziwa, nyama na mafuta. Akakuta lehemu yao iko chini na maradhi ya moyo ni nadra. Watu wengi husimulia mpaka hapo wakanyamaza. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha matokeo ya kuchunguza miili ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na kwenye kuta za mishipa yao mafuta yalikuwepo, tena ya kutosha. Kilichowaokoa, kwa maelezo yake, ni kwamba mishipa ilikuwa imepanuka, na aliona mazoezi ya mwili kuwa ndiyo sababu. Watu hawa walikuwa wanatembea kutwa. Wazee wa mama mkwe nao hawakuwa wakikaa: walilima, walitwanga, walichota maji, na samli ilikuwa ya kijiko kwenye wali wa sikukuu au kwenye uji wa pilipili manga wa mzazi. Sasa tumeibakisha samli na kuipunguza miguu.

Lipo jambo jingine ambalo sijalisikia kwenye makundi haya, nalo linakuhusu: namna unavyopika kahawa yenyewe. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, Norwei, walichapisha kwamba wanywaji wakubwa wa kahawa walikuwa na lehemu ya juu zaidi. Baadaye ikajulikana sababu. Kahawa ina mafuta yake ya asili, na ndani yake mna kitu kiitwacho kafestoli kinachopandisha LDL. Ukichemsha unga wa kahawa na kuimimina kahawa hivyohivyo bila kuichuja, kafestoli inaingia kikombeni. Ukipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, karibu yote inabaki kwenye karatasi. Kahawa ya unga wa kuyeyuka papo hapo nayo ina kidogo mno. Kwa hiyo kama unaichemsha kwenye sufuria, ukaacha machicha yatuame, kisha ukaipiga blenda na samli, umeipandisha lehemu kwa milango miwili.

Nisieleweke vibaya: kahawa chungu ya muuza kahawa, ile ya dele juu ya makaa na vikombe vinavyogonganishwa, siipigi vita. Kile kikombe ni kidogo kuliko yai. Kimoja au viwili barazani jioni, na kipande cha kashata cha kugawana na jirani, si sawa na kikombe kikubwa cha ofisini mara mbili kila siku. Lakini kwa LDL ya 4.6, cha nyumbani kichuje kwa karatasi.

Sasa asubuhi ule nini? Nataka upate kitu kilichokukosa miezi mitano yote hii, nacho ni protini na nyuzinyuzi. Samli haina protini wala nyuzinyuzi kabisa. Mayai mawili ya kuchemsha yana kalori kama 150 na gramu 12 za protini. Weka na kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha au muhogo, na chungwa au papai. Siku nyingine maharage ya jana kikombe kimoja, na parachichi nusu. Siku nyingine uji wa ulezi bila sukari na konzi moja ya karanga. Mafuta yamo humo, ila mengi yake ni ya karanga na parachichi, ambayo yakichukua nafasi ya mafuta mgando LDL hushuka. Jikoni alizeti badala ya samli kwa kupikia kila siku, na mara mbili au tatu kwa wiki samaki wenye mafuta, vibua au dagaa, mnao hapo hapo Tanga. Nazi ipungue makali: siku ya wali wa nazi, mchuzi usiwe wa nazi. Kahawa unywe angalau saa moja mbali na chakula, hasa siku za maharage, kwa sababu inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, na mwanamke wa umri wako bado anayahitaji.

Saa kumi njaa ikikushika, korosho kumi na chai ya tangawizi. Njaa ya saa kumi mara nyingi ni deni la mchana, kwa hiyo angalia kama mchana unakula vya kutosha.

Kama utamu wa samli kwenye kahawa umekukaa na huwezi kuuacha, ngoja kipimo kirudi chini, kisha tia kijiko cha chai, si cha chakula, siku ya mapumziko. Hiyo ni gramu 5, kalori 45, mafuta mgando gramu 3. Hapo hatugombani. Ila wasomaji wengine wanaosoma hapa na wana mawe kwenye mfuko wa nyongo, wamewahi kuugua kongosho, au wana ugonjwa wa moyo, kinywaji hiki wasikiguse bila kuongea na daktari wao. Mafuta mengi kwa mkupuo tumbo likiwa tupu huubana mfuko wa nyongo kwa nguvu, na maumivu yake si ya kusimulia.

Nimalizie na mtoto, na hapa mpe mama mkwe haki yake. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni dogo, na uji wetu mara nyingi ni maji yaliyotiwa unga: anashiba kabla hajapata nguvu ya kutosha. Mtoto wa umri huo anahitaji mafuta zaidi kuliko mimi na wewe, kwa ukubwa wake, kwa sababu anakua na ubongo unajengeka. Kijiko kimoja cha chai cha samli kwenye bakuli, mara moja kwa siku, ni sawa kabisa. Siku nyingine badilisha, tia karanga zilizosagwa laini, zina mafuta na protini pia, au ponda parachichi. Angalia kadi yake ya kliniki: kama mstari wake unapanda vizuri, kijiko kimoja kinatosha, usizidishe kwa kufurahia mashavu. Kama umelala au unashuka, mpeleke wakamtazame, samli peke yake haitaunyanyua. Chai na kahawa asipewe. Samli iwe ya ng'ombe, tena mnamjua aliyeitengeneza, maana za chupa za barabarani zipo zinazochanganywa na mafuta ya kopo. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha, na samli itiwe ukishaiva, ikorogwe mpaka macho ya mafuta yapotee juu.